Makaa ya Mawe na Misitu Yetu: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Samaki anayekaangwa Feri pale Magogoni, wali wa mama ntilie wa Mtaa wa Swahili na chai ya usiku ya Msimbazi vyote vinahitaji moto, na kwa miaka mingi moto wa jiji hili la Dar es Salaam umetoka msituni. Gunia la mkaa linashushwa gengeni alfajiri, linauzwa kwa kopo na kwa ndoo, na jua likizama limekwisha.

Siku hizi yameingia maneno mapya. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tangu hapo makaa ya mawe yanatajwa kila kona kuwa mkombozi wa misitu. Wakati huohuo migodi ya makaa hayo inapanuka Ruvuma na Songwe, na malori yanayoyapeleka bandari ya Mtwara yaliongezeka sana mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowasukuma wanunuzi wa Ulaya kutafuta makaa popote yalipo.

Watu wanaambizana mengi kuhusu haya: vijiweni, ndani ya daladala, kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, hata maofisini. Mengine ni kweli. Mengine ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotupoteza, kwa sababu atakayelipa gharama ya kosa letu hakai Kariakoo. Anakaa Ludewa, Mbinga, Ileje au Kisarawe, na wengine wanaolipa hawana hata lugha ya kulalamika. Nimeyakusanya yanayosemwa zaidi, nikayapima moja moja.

“Misitu ya mvua ni ya Kongo na Amazon. Sisi tuna nyika.”

Si kweli. Misitu ya mvua tunayo, na ni ya kale mno. Milima ya Tao la Mashariki ina safu 13. 12 ziko Tanzania na moja, Taita, iko Kenya. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapanda Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa, unapoa huko juu na kumwaga mvua. Ndiyo maana misitu ile ilibaki mibichi hata katika enzi ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Viumbe waliosalia humo walitengana na wenzao kwa muda mrefu sana, na leo wako vyura, ndege, vinyonga na mimea ya huko ambao huwapati popote pengine duniani.

Mfano ulio bora wa viumbe wa misitu yetu ya mvua ni kipunji. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia, anayeishi juu mitini, na Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina lake zamani kabla ya mtafiti yeyote kumwona. Mwaka 2003 watafiti waliofuatilia maelezo ya wawindaji wa huko wakamkuta, kisha akaonekana pia Ndundulu katika Udzungwa. Mwaka 2006 alitambuliwa kuwa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kima hai wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata 1,117 tu. Wote duniani.

Rungwe ni jirani wa Kiwira, ambako China ilitusaidia kufungua mgodi wa makaa ya mawe uliozinduliwa mwaka 1988. Nitaeleza kwa haki: mgodi ule uko bondeni, nje ya msitu wa kipunji, na kilichomsumbua zaidi mnyama huyu ni ukataji wa magogo, uchomaji mkaa na uwindaji. Lakini ujirani huo ukumbukwe tutakapofika kwenye madai makubwa zaidi huko mbele.

Kisha iko misitu ya pwani, mikavu kidogo kuliko ile ya milimani, lakini nayo ina viumbe wake wa pekee. Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, haifiki kilomita 30 kutoka Kariakoo. Humo anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote, aliyewahi kuorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Mtu wa Kariakoo anaweza kufika kwenye makazi yake kwa daladala.

“Hata kama ipo, iko mbali. Mimi hainihusu.”

Si kweli. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inalishwa na Uluguru. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua, jiji lilipata mgao wa maji, na kila mwenye ndoo Ilala na Temeke anakumbuka foleni zile.

Mto Msimbazi nao unaanzia vilima vya Pugu. Vilima vikiwa na miti, mvua inanywewa na ardhi na kushuka taratibu. Vikiwa vipara, maji yanakimbia na mchanga wake hadi Jangwani, barabara inafungwa, na mwenye duka Kariakoo anashindwa kufika kazini. Wanaoishi bondeni wanapoteza nyumba, na kuna miaka wamepoteza watu. Ujenzi holela na taka vina sehemu yao katika mafuriko hayo, lakini kilima kilichovuliwa miti ni mwanzo wa safari ya maji.

“Jiji la Dar ndilo lililoimaliza misitu ya jirani.”

Kweli, kwa sehemu kubwa, na inatupasa tulikubali bila kuzunguka.

Mwaka 2010 jarida la kisayansi la PNAS lilichapisha utafiti uliolinganisha misitu inayoizunguka Dar es Salaam mwaka 1991 na mwaka 2005. Watafiti waliona uharibifu ukitoka jijini kwa mawimbi. La mbele kabisa lilikuwa la wakata mbao za thamani, waliofuata mininga na mikongo ilikobaki. Nyuma yao walikuja wakata mbao za bei ya kati. La mwisho, karibu zaidi na jiji, lilikuwa la mkaa, kwa sababu tanuru la mkaa linapokea karibu mti wowote. Uharibifu ulisonga hadi kilomita 9 kwa mwaka. Kila wimbi lilipopita liliacha aina chache zaidi za miti na miti midogo zaidi.

Miaka hiyohiyo jiji lilikuwa likiongeza njaa yake ya mkaa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilionyesha kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa zikipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007, na ilikadiria kwamba nchi inatumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake ikiishia hapa Dar. Takwimu hizo zinabomoa pia usemi mwingine, kwamba mkaa ni nishati ya maskini tu. Asilimia 71 ya jiji si maskini peke yao. Wachoma nyama, hoteli, na nyumba nyingi zenye mtungi wa gesi jikoni bado zina jiko la mkaa uani kwa ajili ya maharage na makande. Tofauti ni kwamba mwenye kipato kidogo ananunua kwa kopo, na kwa kilo analipa zaidi kuliko anayenunua gunia.

Ila lawama isiishie jijini. Kati ya 2002 na 2013 Tanzania ilipoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka, na ukiitazama nchi nzima, kinachoing'oa misitu moja kwa moja zaidi ni mashamba mapya. Mara nyingi mkaa na shamba vinakwenda pamoja: mtu anafyeka ili alime, miti anaichoma mkaa, fedha anazipata mara mbili. Anayezungumza kana kwamba tukibadilisha jiko tu misitu imepona, ameliacha jembe nje ya hesabu.

“Kila gunia la mkaa ni msitu uliokufa.”

Si kweli, na najua jibu hili halitawafurahisha wanamazingira wenzangu wote. Miti ya miombo, inayofunika sehemu kubwa ya misitu ya nchi hii, ikikatwa vizuri inachipua upya kutoka kwenye kisiki. Tangu mwaka 2012 vijiji vya Kilosa, kwa msaada wa Shirika la Kuhifadhi Misitu Tanzania (TFCG) na mtandao wa jamii wa MJUMITA, vimeutumia ukweli huo. Mkutano mkuu wa kijiji unapitisha mpango, sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa, inagawanywa katika miraba ya mita 50 kwa 50, na inavunwa kwa kurukaruka kama ubao wa drafti ili mbegu na wanyama wasikose pa kukaa. Eneo lililovunwa linaachwa miaka 24. Ushuru unabaki kijijini, na umejenga madarasa na kuhudumia afya.

Kinachofundisha hapo ni mamlaka. Msitu ulipokuwa hauna mwenyewe anayeonekana, kila mwenye shoka alikuwa mwenyewe. Ulipokuwa wa kijiji, wenye kamati yake ya maliasili na kitabu chake cha mapato, watu wa Kilosa wakaanza kumkamata anayeuvamia. Msitu wa mvua wa Uluguru au kichaka cha pwani cha Pugu hauwezi kuvunwa mkaa namna hii, kwa kuwa haurudi kama miombo. Lakini kijiji chenye haki juu ya msitu wake kinaulinda kuliko kijiji kilichonyang'anywa, na kanuni hii inahusu makaa ya mawe pia.

“Makaa ya mawe ndiyo yatakayookoa misitu.”

Hapa ndipo penye uzito, maana dai hili lina watu wazuri wanaoliamini kwa nia njema.

Kuna sehemu ya kweli. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes kwa kutumia makaa ya mawe. Jela, shule au kambi inayopikia mkaa huo badala ya magogo imepunguza kweli magogo. Siwezi kumcheka mpishi wa shule aliyeambiwa kuni basi, gesi ikamshinda bei, akaona hapa pana njia.

Tatizo linaanza pale hoja hiyo ndogo inapobebeshwa mzigo wa kuhalalisha migodi mikubwa. Makaa ya Ngaka na ya migodi mingine ya Ruvuma hayachimbwi kwa ajili ya jiko la mama ntilie. Wateja wake wakubwa ni viwanda vya saruji na wanunuzi wa nje ya nchi. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia makaa kuingizwa kutoka nje, lengo lilikuwa kuviuzia viwanda vyetu makaa yetu. Na Mtwara ilipopata meli, yakaenda ng'ambo. Huenda huo ukawa uamuzi wa kiuchumi wenye sababu zake. Lakini tani inayopakiwa melini haijaokoa mti hata mmoja Kisarawe, na haifai kuhesabiwa kana kwamba imeokoa.

Kisha tutazame mgodi wenyewe unafanya nini. Mgodi wa wazi unaanza kwa kufyeka. Udongo wa juu, ambao ndio uhai wa msitu, unaondolewa, mwamba unalipuliwa, kifusi kinarundikwa mahali ambako nako kulikuwa na mimea. Mgodi wa chini ya ardhi unafyeka kidogo, lakini mahandaki yanahitaji magogo ya kuegemeza mapaa yake. Barabara ya malori inafunguliwa, na barabara inaleta watu: wafanyakazi, wachuuzi, wakulima wanaotafuta ardhi mpya. Watu hao wanapika, wanajenga na wanalima. Mahali ambako kupeleka gunia la mkaa mjini kulikuwa na gharama isiyolipa, sasa lori linalorudi tupu linaweza kulibeba. Kwa hiyo machimbo yanayosemwa kuwa yataua biashara ya mkaa yanaweza kuipelekea biashara hiyo misitu ambayo haikuwahi kuifikia.

Halafu maji. Makaa ya mawe huambatana na madini ya salfa. Yakifukuliwa na kukutana na hewa na mvua huzaa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo mwambani na kushuka nazo mtoni. Migodi iliyofungwa miongo mingi iliyopita huko Wales na Pennsylvania bado inatoa maji ya rangi ya kutu hadi leo. Makaa yetu mengi yako katika mabonde yanayoteremkia Ziwa Nyasa: bonde la Ruhuhu kwa upande wa Ludewa na Mbinga, na Songwe na Kiwira kwa upande wa Kyela. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na watu wa pwani zake wanaishi kwa samaki hao. Swali la kwanza kwa kila mgodi wa huko liwe maji yake yanakwenda wapi na nani anayapima, kila mwezi, hadharani.

Liko na la hewa. Kaboni iliyomo katika makaa ya Ruhuhu ilifukiwa kabla ya kuwapo kwa dinosaria. Mti wa miombo ukichomwa na kuachwa uchipue, unairudisha kaboni yake katika miongo michache. Makaa ya mawe hayachipui. Na misitu ya Tao la Mashariki inaishi kwa mawingu ya Bahari ya Hindi. Dunia ikizidi joto na mawingu yakihama, hakuna uzio wa hifadhi utakaoyazuia.

Hukumu yangu basi: mkaa mbadala unaweza kupunguza kuni katika jiko fulani, kwa muda. Upanuzi wa migodi ya makaa ya mawe hauokoi misitu, na anayeuuza kwa jina hilo anatuuzia kitu kingine.

“Huo mkaa mbadala hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara.”

Si kweli. Kukosa moshi unaoonekana ni nafuu ya macho na kifua, na kuyasindika makaa kabla ya kuyauza ni afadhali kuliko kuyachoma ghafi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri makaa ghafi yasitumiwe kabisa majumbani, na shirika lake la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa makaa ya mawe ya nyumbani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Lakini hata mkaa uliosindikwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mkaa wa miti nao unaitoa. Mama anayeliingiza jiko chumbani Buguruni usiku wa mvua, akafunga dirisha kwa ajili ya mbu, yumo hatarini kwa mkaa wowote kati ya hiyo miwili. Tafadhali mwambie.

“Eneo likishakuwa hifadhi, hakuna mchimbaji atakayeligusa.”

Si kweli. Sheria ya Madini ya 2010 inataka kibali cha mamlaka husika kabla ya kuchimba ndani ya hifadhi ya msitu. Kibali kikitolewa, mlango umefunguka. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inaruhusu, kwa masharti, utafutaji na uchimbaji wa mafuta, gesi na urani ndani ya mapori ya akiba. Na mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kipande cha pori la Selous kimegwe ili kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju. Hifadhi ni ulinzi mkubwa, wala sisemi haina maana. Ila mpaka uliochorwa kwa kalamu unahamishwa kwa kalamu, na wanaouona ukihama kwanza ni wale wanaoishi kando yake.

“Wakimaliza kuchimba watafukia mashimo.”

Sheria inawataka. Dunia inaonyesha kwamba mara nyingi hawafukii. Huko Kalimantan Mashariki, Indonesia, ambako misitu ya mvua iliyokuwa makazi ya orangutani ilifyekwa kupisha makaa ya mawe, mashimo yaliachwa yakajaa maji karibu na makazi ya watu, na zaidi ya watoto 30 wamezama humo tangu 2011. Kwetu, vilima vya Pugu bado vina mahandaki yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini. Popo wameyafanya makazi. Kaolini haikuacha sumu ya makaa, hilo ni bahati. Fedha ya kufukia iwekwe benki kabla ya jembe la kwanza, la sivyo ahadi hiyo haina thamani.

“Madini ni ya Serikali. Wanakijiji hawana la kusema.”

Nusu ya kwanza ni kweli: madini ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Nusu ya pili si kweli, na imewagharimu watu wengi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza hifadhi ya msitu iliyo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na wananchi wasikilizwe. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni akubaliane na serikali za mitaa mpango wa huduma kwa jamii. Silaha zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwaambia wenyeji kwamba zipo, na nyaraka zilizoandikwa kwa lugha wanayoisoma.

Tazama Ludewa. Mkataba wa Mchuchuma na Liganga, makaa ya mawe na chuma, ulitiwa saini na mwekezaji wa China mwaka 2011. Watu zaidi ya 1,000 walifanyiwa tathmini ya mali zao, kisha wakasubiri fidia hadi 2023. Fikiria maisha ya mtu aliyeambiwa shamba lake litachukuliwa: kahawa mpya hapandi, nyumba haimalizii, mtoto hajui kama shule ataimalizia palepale. Hata jiwe moja la makaa lisipochimbwa, miaka imekwisha kuliwa.

Sasa tazama Lamu, nchini Kenya. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, karibu na mji wa kale ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Wavuvi, wanawake, masheikh na vijana walijiunga chini ya mwavuli wa Save Lamu wakadai kusikilizwa. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mradi ule, na sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya tathmini kukamilika. Watu wa Lamu hawakuwa na fedha kuliko kampuni. Walikuwa na kumbukumbu za mikutano, mawakili, na subira. Kesi ile inapaswa kufundishwa katika kila kijiji chenye makaa chini ya mashamba yake, kwa Kiswahili hikihiki walichoitetea nacho.

“Nishati safi ni anasa. Sisi wa uswahilini hatuiwezi.”

Inategemea, na hapa si haki kumhukumu mtu bila kuzijua fedha zake. Mtungi wa gesi ukiisha unataka fedha zote kwa mara moja, wakati mkaa unanunulika kwa shilingi zilizopo mfukoni asubuhi hiyo. Kwa anayelipwa kwa siku, hiyo ni tofauti kubwa, na kumwambia gesi ni nafuu ukiigawanya kwa mwezi hakumsaidii. Mita zinazomruhusu mtu kulipia gesi kidogo kidogo zimeanza kuingia mijini. Zifike Magomeni, Keko na Manzese kwa wingi.

Umeme nao unaogopwa kuliko inavyostahili. Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharage kwa kutumia chini ya uniti moja, nayo maharage ni miongoni mwa vyakula vinavyomaliza mkaa mwingi nyumbani. Shirika la TaTEDO limekuwa likionyesha hilo kwa vitendo, jikoni kwa jikoni. Ugumu ni bei ya sufuria yenyewe dukani. Kama nchi inaweza kutoa ruzuku ya mitungi ya gesi, na imeitoa, basi inaweza kuitoa kwa sufuria hizi, ikaanza na mama ntilie na wakaanga samaki wa Feri, ambao moto wao hauzimiki kutwa nzima.

“Mtu wa mjini hana la kufanya.”

Si kweli. Unaponunua gunia, muulize muuzaji limetoka wapi na kama lina kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Wateja wakiuliza, atamwuliza aliyemletea. Hamisha maharage kwenye umeme kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa kwenye bodi ya shule au kamati ya msikiti au kanisa linalopikia watu wengi, omba bei ya gesi na umeme wazi mezani kabla hamjasaini mkataba wa mkaa mbadala. Na kama una ndugu Mbinga, Ludewa, Ileje au Kisarawe, mpigie umweleze kwamba tathmini ya mazingira ya mgodi anaousikia ni haki yake kuiona, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji chake una uzito kisheria. Mradi ujao wa makaa ya mawe utakapotangaza tathmini yake, iombeni, isomeni pamoja, na pelekeni maoni yenu kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kwa maandishi, mbaki na nakala, kabla muda haujafungwa.